Sidi Mubarak Bombay

Sidi Mubarak Bombay (takriban 1820 – 1885) alikuwa kiongozi wa misafara, mkalimani na msafiri wa Afrika ya Mashariki katika karne ya 19. Alishiriki katika safari kubwa nne za Waingereza waliotaka kujua maziwa, mito na watu wa bara, yaani zile za Richard Burton na John Hanning Speke, Speke na James Augustus Grant, Henry Morton Stanley, na Verney Lovett Cameron. Katika tatu kati ya hizo alifika Ujiji, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Inakadiriwa kuwa alisafiri kilomita 9,600 hivi, sehemu kubwa kwa miguu.

Maisha ya awali

Bombay alizaliwa katika nchi ya Wayao, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji za leo. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, wafanyabiashara waliokuwa wamekopesha nguo kijijini kwao walirudi na bunduki kudai malipo. Wanakijiji walishindwa kulipa, na wengi walikamatwa. Mtoto huyo alipelekwa Kilwa, kisha Unguja, akauzwa kwa mfanyabiashara aliyemchukua hadi Uhindi.

Aliishi Uhindi miaka mingi na kujifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki, aliachwa huru. Jina lake linabeba historia hiyo: "Sidi" ni jina walilopewa watu wa asili ya Afrika nchini Uhindi, "Mubarak" ni jina la Kiislamu, na "Bombay" ni mji ambao leo huitwa Mumbai.

Baada ya kupata uhuru alirudi Unguja na kuwa askari wa Sultani. Alipangwa katika ngome ya Chogwe karibu na mto Pangani. Huko ndiko alikokutana na Burton na Speke mwaka 1857. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, lakini alijua Kihindustani kidogo, hivyo Bombay akawa njia yake ya kuzungumza na watu wa msafara.

Safari ya kwanza: Ujiji na ziwa

Msafara wa Burton na Speke uliondoka pwani Juni 1857, ukapita Kazeh (Tabora ya leo) na kufika Ujiji Februari 1858. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa ugonjwa, na macho ya Speke yalikuwa karibu hayaoni. Walipofika kwenye kilima kilichotazama ziwa, Burton aliona mng'ao kwa mbali na kumwuliza Bombay ni kitu gani. Bombay alimweleza kuwa ni maji.

Mwezi Machi Bombay alivuka ziwa pamoja na Speke kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, kumwomba Mwarabu Hamed bin Sulayyim awape jahazi. Jahazi halikupatikana, lakini walirudi na habari kuhusu mto Rusizi ulioko kaskazini mwa ziwa. Speke alielewa kuwa mto huo unatoka ziwani. Kama ingekuwa hivyo, Ziwa Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha Nile.

Mwezi Aprili msafara ulikwenda Uvira kwa mitumbwi, na wenyeji wakawaambia kuwa Rusizi unaingia ziwani. Bombay naye alisema kuwa Hamed alimaanisha hivyo hivyo na kwamba Speke ndiye aliyemwelewa vibaya. Hata hivyo ubishi uliendelea Uingereza kwa miaka mingi. Uliisha baada ya Stanley na David Livingstone kwenda kaskazini mwa ziwa mwishoni mwa 1871 na kuona mto ukiingia. Habari waliyoitoa watu wa Uvira tangu mwanzo ilikuwa sahihi.

Msafara na jamii za njiani

Misafara hiyo ilikuwa na makumi au mamia ya watu: wapagazi, askari, viongozi wa njia, wapishi na wakalimani. Haikuweza kubeba chakula cha safari nzima. Ilitegemea vijiji vilivyolima ziada ya mtama, mahindi, mihogo na maharagwe. Malipo yalikuwa nguo kama merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Watawala walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na kwenye mto Malagarasi wenye mitumbwi walilipwa kwa kuvusha watu na mizigo.

Ujiji ilikuwa mfano wa jamii iliyoishi kwa mazao yake na kwa biashara na majirani. Sokoni paliuzwa samaki, dagaa, nafaka, ndizi, mafuta ya mawese na chumvi ya Uvinza. Shanga zilizoitwa sofi zilitumika kama fedha. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kwa miti ya Ugoma, ng'ambo ya ziwa. Michikichi bado ni zao muhimu la mkoa wa Kigoma, pamoja na maeneo ya jirani na Ujiji kama kata ya Simbo.

Bombay alikuwa akitangulizwa kujadili bei, hongo na ruhusa ya kupita. Kazi hiyo ilihitaji kujua desturi za kila nchi. Kosa dogo mbele ya mtawala lingeweza kuzuia msafara kwa majuma kadhaa, na wapagazi wangelala njaa.

Safari za baadaye

Julai 1858 Bombay alifuatana na Speke kutoka Kazeh hadi kusini mwa Ziwa Viktoria, wakati Burton alipobaki nyuma. Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na Grant, na Bombay alikuwa miongoni mwa viongozi wa msafara wao. Walipita Karagwe kwa Rumanika, Buganda kwa Mutesa I na Bunyoro kwa Kamurasi, kisha wakafuata Nile hadi Misri. Wapagazi wengi walitoroka au kurudi njiani. Waliofika Kairo mwaka 1863 walikuwa 18 tu, na Bombay alikuwa mmoja wao. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa medali ya fedha.

Mwaka 1871 Stanley alimwajiri kuwa mkuu wa askari katika safari ya kumtafuta Livingstone, ambaye walimkuta Ujiji. Mwaka 1873 akawa kiongozi wa msafara wa Cameron. Wakiwa Tabora, walipokea habari za kifo cha Livingstone, na mwili wake ukafikishwa hapo na Chuma, Susi na wenzao. Msafara ulifika Ujiji Februari 1874, ukazunguka sehemu ya kusini ya ziwa kwa mitumbwi na kuona mto Lukuga unaotoka ziwani kuelekea Kongo. Novemba 1875 ulifika pwani ya Angola. Hivyo Bombay alikuwa amevuka Afrika kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki.

Uhusiano na waajiri wake

Burton na Speke waliusifu uaminifu wake katika vitabu vyao. Hata hivyo hakutendewa sawa na sifa hizo. Katika safari ya pili Speke alimpiga ngumi za uso. Stanley alimvua uongozi kwa muda baada ya mali kupotea, na pia alimpiga. Maisha yake yanajulikana hasa kupitia maandishi ya watu hao hao, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuacha kitabu.

Miaka ya mwisho na urithi

Mwaka 1876 Shirika la Kifalme la Jiografia lilimpa pensheni, ambayo aliishi nayo hadi kifo chake mwaka 1885.

Kwa muda mrefu vitabu vya shule viliwataja Wazungu peke yao kama wavumbuzi wa maziwa makuu. Bombay anaonekana katika filamu Mountains of the Moon ya mwaka 1990, na mwaka 2009 Shirika la Kifalme la Jiografia lilifanya maonyesho kuhusu mchango wa wenyeji na wakalimani katika safari hizo, yeye akiwa mmoja wao.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia tangu 2006. Makumbusho ya Livingstone huko Ujiji hupokea wanafunzi na wageni wanaotaka kujifunza historia ya njia hiyo, ambayo Bombay aliipita mara tatu.