Thomas Hunt Morgan na nzi wa macho meupe

Wale nzi wadogo wanaojaa kwenye ndizi iliyoiva sana, kila mutu kwetu anawafukuza. Thomas Hunt Morgan, yeye aliwafuga.

Alizaliwa mwaka wa 1866 kule Kentucky, Marekani. Akiwa profesere kwenye universite ya Columbia, New York, aliweka nzi hao ndani ya chupa za maziwa na kuwalisha ndizi. Hakuamini kwamba kromozome, zile nyuzi ndogo za ndani ya seli, njo zinabeba urithi wa muzazi kwa mutoto.

Munamo mwaka wa 1910 akaona dume moja la macho meupe. Wengine wote macho mekundu. Akalizalisha na majike ya macho mekundu. Watoto karibu wote wakatoka na macho mekundu, lakini kwa wajukuu weupe ukarudi, na kwa madume tu. Basi alama ile ilisafiri na kromozome ya jinsia! Morgan akakubali kama alikosea. Mwaka wa 1933 akapata tuzo ya Nobel, na feza akagawia pia watoto wa wanafunzi wake wawili wa zamani.

Alikufa mwaka wa 1945 bila kujua weupe ule ulitoka wapi. Miaka mingi baadaye wachunguzi wakakuta kipande cha ADN chenye kuhamahama: kilijipachika kwenye jeni ya rangi ya macho na kuizima. Vipande vya namna hiyo viko hata ndani ya mbu wa malaria. Vingine vinaharibu, lakini kuna kimoja kinachohusishwa na nzi kuvumilia dawa ya DDT. Kumbe mududu anaweza kubadilika toka ndani yake mwenyewe.