Askofu Festo Kivengere: aliacha pombe, akajaribiwa tena ukimbizini



Hapa Bujumbura tunao ndugu waliokwisha kuacha pombe. Lakini habari mbaya ikifika kutoka nyumbani, au majibu ya faili yakichelewa, kiu ya kanyanga inaamka tena. Leo tumkumbuke mtumishi mmoja aliyepita njia hiyo.

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Rukungiri, kusini-magharibi mwa Uganda. Alichunga ng'ombe, akasoma shule za misheni, akawa mwalimu. Lakini imani yake ilipoa, akawa mlevi.

Mwaka 1941 moto wa Uamsho, ule uliotokea Gahini, Rwanda, na kufika hata Burundi, ulikuwa umewaka kwao. Siku moja Festo alikuwa anatoka kunywa. Rafiki yake alimfuata kwa baiskeli, akamweleza kwamba ameokoka, akamwomba msamaha. Festo alifika nyumbani, akapiga magoti, akampokea Yesu. Baadaye alisafiri mbali kwa baiskeli kumwomba msamaha Mzungu aliyemchukia. Hiyo ndiyo desturi ya Uamsho: kutembea nuruni, kutoficha dhambi mbele ya ndugu.

Alikwenda na mkewe Merabu kufundisha Dodoma, Tanganyika. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi.

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Festo na Merabu walivuka milima usiku kwa miguu, wakaingia Rwanda. Wakawa wakimbizi kama sisi.

Hapo jaribu lilimrudia, ila safari hii halikuja na chupa. Lilikuja na chuki. Moyo wake ulijaa uchungu juu ya Amin. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, aliona jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Akatubu, akamsamehe Amin. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin. Amin alipopinduliwa mwaka 1979, Festo alirudi kwa kundi lake. Alifariki Nairobi mwaka 1988 kwa saratani ya damu.

Wapendwa, tunajifunza nini? Kuokoka hakumzuii shetani kurudi, naye hurudi wakati tumechoka. Mara nyingi uchungu hutangulia, chupa hufuata. Kwa hiyo tusingoje kuanguka. Uchungu ukianza, tumwambie ndugu mmoja siku hiyohiyo, tuombe pamoja. Aliyeanguka tusimsengenye, tumfuate kama yule rafiki wa baiskeli. Na aliyezoea kunywa kila siku, akianza kutetemeka anapoacha, tumpeleke upesi kituo cha afya; huko si kukosa imani.

Mungu awabariki.