Herbert Chapman: Kocha aliyemsikiliza mchezaji wake

Katika kipindi chetu cha michezo, simu za mashabiki wa Arsenal hazikosekani. Leo tunawaletea habari za kocha aliyeijengea timu hiyo jina.

Herbert Chapman alizaliwa mwaka 1878 huko Kiveton Park, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Chapman alicheza soka katika timu nyingi bila kung'ara. Sifa alizipata kwenye ukocha. Aliipa Huddersfield Town Kombe la FA mwaka 1922, kisha ubingwa wa ligi mwaka 1924 na 1925.

Mwaka huo wa 1925 akahamia Arsenal, iliyokuwa imemaliza ligi ikiwa ya 20 kati ya timu 22. Wakati huohuo sheria ya kuotea ilibadilishwa. Zamani mshambuliaji alihitaji wapinzani 3 kati yake na mstari wa goli; sasa walitosha 2. Mabeki wakahangaika, magoli yakamiminika. Oktoba 3, Newcastle iliichapa Arsenal 7-0.

Baada ya kipigo kama hicho, makocha wengi huanza kutafuta wa kulaumiwa. Chapman alikaa na wachezaji, akawasikiliza. Nahodha Charlie Buchan alitaka kiungo wa kati arudi nyuma awe beki wa 3, na mshambuliaji mmoja ashuke kusaidia katikati. Kocha akakubali. Siku 2 baadaye, Arsenal iliifunga West Ham 4-0 ugenini.

Mfumo huo Chapman aliuboresha miaka mingi. Aliwakusanya wachezaji kwenye meza iliyochorwa uwanja, wakajadili nani asimame wapi. Kombe la kwanza lilikuja mwaka 1930, walipoifunga Huddersfield 2-0 kwenye fainali ya Kombe la FA. Ubingwa wa ligi ukafuata mwaka 1931 na 1933.

Januari 1934, akiwa na mafua, alikwenda kuitazama timu ya tatu ya Arsenal. Mafua yakageuka kichomi. Alifariki Januari 6, akiwa na miaka 55. Arsenal ilitwaa ubingwa msimu ule na uliofuata.

Kwa makocha wa timu zetu za vijijini: meza ile mnaweza kuichora mavumbini kwa kijiti, mkapanga mawe 11. Mkifungwa Jumapili, waulizeni wachezaji wameona nini.