Eugène Christophe, fundi wa vyuma aliyeadhibiwa juu ya mukono wa mutoto

Kila mara vijana wa Butembo wanapopanga kushindana kwa kinga mpaka Beni, ugomvi ni ule ule. Mutu akitobokewa na mupira kule Kabasha, ndugu yake aliyesimama kando ya barabara ana ruhusa ya kumupa pompi? Wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema huyo atolewe mu mashindano palepale. Tumesikiliza maneno hayo mara nyingi, na watu wanaachana bila kusikilizana. Leo tunawaletea habari ya mutu mumoja ambaye ugomvi huo ulimufuata maisha yake yote. Alikuwa mutu wa kazi ya mikono kama sisi.

Eugène Christophe alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 1, 1885, Malakoff, pembeni ya Paris. Kabla ya kuishi kwa kinga alikuwa fundi wa kufuli. Kazi yake ilikuwa kukata chuma, kukitia mu moto, kukipiga, kukinyoosha. Tour de France, yale mashindano ya kuzunguka Ufaransa, aliyaingia mara ya kwanza 1906, akiwa na miaka 21. Mwaka 1910 alishinda Milan–San Remo kule Italia, siku ya teluji na baridi ambayo wengi waliacha njiani na waliofika hawakutimia hata kumi. Ushindi huo ulimupeleka hospitali. Mwaka 1912 alimaliza Tour akiwa wa pili. Kwa hiyo mwaka 1913 watu waliona zamu yake imefika.

Tuseme kwanza juu ya sheria ya wakati ule, sababu bila hiyo habari haieleweki. Mukubwa wa Tour alikuwa Henri Desgrange, mukubwa wa gazeti L'Auto. Aliandika kwamba kila mushindani atengeneze kinga yake mwenyewe, bila musaada wa mutu yeyote. Furshi ikivunjika, ni yako. Mupira ukitoboka, ni wako. Tusiseme uongo, sheria hiyo ilikuwa na sababu. Mu mashindano mulikuwa watu wa kampuni kubwa za kutengeneza kinga, na mulikuwa pia wale waliokuja peke yao, bila kampuni nyuma yao. Kama kampuni ingeruhusiwa kuweka fundi kila kijiji, yule wa peke yake angeshindwa kabla hajapanda. Sisi wa sendika tunaelewa sheria ya namna hiyo. Tunaipenda hata.

Tarehe 9 mwezi wa 7, 1913, walitoka Bayonne usiku, saa tisa, kuelekea Luchon. Kilometa 326 za milima, ni sawa na kutoka hapa Butembo kwenda Beni na kurudi mara 3, mu siku moja. Christophe alikuwa anakimbilia Peugeot, na kwa hesabu ya siku ile alikuwa anaelekea kuwa wa mbele ya wote. Alipanda mulima Tourmalet, zaidi ya meta 2.100. Akaanza kuteremuka. Palepale furshi, ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, ikavunjika.

Hakuanguka vibaya. Alibeba kinga ku bega, akashika njia ya kuteremuka kwa miguu, zaidi ya kilometa 10, akilia, na wengine wote wakimupita. Chini, ku kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, alipelekwa mahali pa muhunzi. Muhunzi alitaka kumufanyia kazi. Makomisere wa mashindano, waliokuwa wanamufuata, wakakataza. Basi Christophe akawasha moto mwenyewe, akachukua kipande cha bomba la chuma, akaanza kazi yake ya zamani.

Alifanya zaidi ya saa 3, makomisere wamesimama wanamuangalia. Mutu yeyote aliyewahi kuingia mahali pa kuchoma chuma anajua shida iliyomukuta: chuma kiko mu moto, mukono mumoja unakishika, mwingine una nyundo, na mvukuto wa kupulizia moto unataka mukono wa tatu. Mutoto mudogo wa pale, wa miaka 7 hivi, akamupulizia moto. Ni hayo tu. Christophe alipomaliza alitia mukate mu mifuko, akapanda milima mingine miwili, Aspin na Peyresourde, akafika Luchon karibu saa 4 nyuma ya wa kwanza. Wakamungojea na azabu: dakika 10, juu ya mukono wa yule mutoto. Baadaye walipunguza, zikabaki dakika 3. Mwisho wa Tour ile alikuwa wa 7. Aliyeshinda ni Philippe Thys, Mubelgiji, wa Peugeot vilevile.

Hapa ndipo sisi tunakasirika. Jicho la komisere lilikaa ku mukono wa mutoto. Na ile furshi? Furshi haikutengenezwa na Christophe. Lakini mu hesabu za siku ile aliyelipa ni aliyeipanda, alilipa saa 4, kisha akaongezewa dakika. Ku shimo tunajua mambo hayo: muti wa kushikilia udongo ukivunjika, wa kwanza kuulizwa ni aliyekuwa chini yake.

Wenzetu wanaobeba mawese, makala na ndizi kwa kinga hawangojei furshi ivunjike. Wanapeleka kinga mpya kwa fundi wa kushona vyuma, anaongeza fimbo za chuma pande mbili za furshi. Inakuwa nzito, lakini inashuka Kabasha na muzigo. Kijana wa mashindano hataki uzito, na tunamuelewa. Basi apanguse rangi na aangalie vizuri pale juu, furshi inapoingia mu kinga. Ufa unaanza pale, mwembamba kama unywele, na mara nyingi kuna sauti ndogo ukifunga freni ya mbele. Sauti hiyo usiizoee.

Turudi kwa Christophe. Vita ya 1914 ilikula miaka yake mizuri. Tour iliporudi mwaka 1919 alikuwa na miaka 34, na akaongoza. Tarehe 19 mwezi wa 7, 1919, kule Grenoble, walimuvalisha shati la manjano, yeye wa kwanza kabisa mu historia ya Tour, ili watu wamutambue njiani. Watu walimucheka, wakamulinganisha na kandege ka manjano. Ilibaki hatua mbili kumaliza. Mu safari ya Metz mpaka Dunkerque, kilometa 468, mu kijiji cha Raismes, karibu na Valenciennes, inchi ya mashimo ya makaa ya mawe, furshi ikavunjika tena. Tena akatengeneza mwenyewe, zaidi ya saa nzima. Firmin Lambot, Mubelgiji, akashinda. Christophe akawa wa 3.

Lakini mara hii jambo lingine lilitokea. Wasomaji wa L'Auto walianza kumuchangia, mumoja kidogo, mwingine kidogo, inchi ikiwa bado na majivu ya vita. Majina yao yalijaza kurasa na kurasa za gazeti, na feza ikapita faranga 13.000. Kwa sisi tunaoishi na likelemba, hatuna haja ya kuelezewa maana yake.

Mwaka 1922, akiteremuka mulima Galibier, furshi ya tatu. Tour yake ya mwisho aliiingia 1925, akiwa na miaka 40. Tour aliingia mara 11, na hakushinda hata moja.

Sheria nayo ilifunguka kidogo kidogo baada yake. Leo motokari inafuata nyuma na kinga ya akiba juu, na fundi anaruka kabla mushindani hajaweka muguu chini. Sainte-Marie-de-Campan waliweka kibao ku ukuta wa mahali pale pa muhunzi, na Christophe mwenyewe alirudi kupaona akiwa muzee. Alikufa Paris tarehe 1 mwezi wa 2, 1970, na miaka 85. Zile dakika 3 hawakumurudishia.