Mary Shelley na Orodha Yake ya Vitabu

Kila Januari makundi yetu ya WhatsApp hujaa ahadi. Huyu ataamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi, yule hatakopa tena kabla bumu halijaingia. Mwaka huu baadhi yetu tumeongeza ahadi nyingine: chalenji ya kusoma vitabu 12 kwa mwaka, kimoja kila mwezi, vyote viwe riwaya za kisayansi za kubuni au hadithi za maajabu. Hakuna maksi, hakuna cheti, hakuna sapu. Basi swali likaja haraka pale vimbwetani: mtu ambaye madesa yenyewe hayamalizi, hadithi za mazimwi na safari za nyotani zitamsaidia nini?

Ni swali la haki. Ila kabla ya kulijibu, naomba niwasimulie habari za msichana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa na tabia ya kuandika, mwaka hadi mwaka, orodha ya vitabu alivyosoma. Chuo hakuwa nacho, maana enzi zile vyuo vikuu vya Uingereza havikupokea wanawake. Orodha ile ndiyo ilikuwa chuo chake, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa amemaliza kuandika riwaya ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza kabisa katika bunilizi ya kisayansi. Riwaya hiyo ni Frankenstein. Msichana mwenyewe ni Mary Shelley.

Alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797, akiitwa Mary Godwin. Mama yake, Mary Wollstonecraft, ndiye aliyeandika mwaka 1792 kitabu mashuhuri cha kutetea haki za wanawake, akidai msichana asomeshwe hadi akili yake ifunguke, asiishie kufundishwa kujiremba. Mama huyo alifariki siku 11 baada ya kujifungua, kwa homa ya uzazi. Kwa hiyo Mary hakumjua mama yake kwa sura wala kwa sauti. Alimjua kwa kumsoma. Alipokuwa binti alikuwa akichukua kitabu na kwenda kusomea kaburini kwake, katika uwanja wa kanisa la St Pancras.

Baba yake, William Godwin, alikuwa mwanafalsafa na mwandishi wa riwaya, mtu wa sifa nyingi na madeni mengi. Alioa tena, na yeye na mkewe wakawa wanachapisha na kuuza vitabu vya watoto. Shule rasmi Mary aliipata kidogo mno, miezi michache tu. Kilichomlea ni rafu za vitabu vya baba na mazungumzo ya wageni. Miongoni mwa wageni hao alikuwamo mshairi Samuel Taylor Coleridge, na inasimuliwa kwamba usiku mmoja Mary alijificha nyuma ya kochi ili amsikie akighani shairi lake refu la baharia mzee, wakati ambao watoto walitakiwa wawe wamelala.

Mwaka 1814, akiwa na miaka 16, alitoroka na mshairi Percy Bysshe Shelley, kijana wa miaka 21 ambaye tayari alikuwa na mke. Baba yake, pamoja na falsafa zake zote za uhuru, alikasirika akakata hata salamu. Wawili hao walivuka kwenda Ufaransa na Uswisi, pesa zikawaishia, wakarudi London kuwakimbia wadai. Lakini katika safari hiyo walianza daftari la kumbukumbu, na ndani yake Mary akazoea kuandika walichosoma kila siku. Mwaka ulipoisha alipanga orodha. Humo kulikuwa na historia, riwaya, tamthilia, mashairi, habari za wasafiri na falsafa. Alijifunza Kilatini, baadaye na Kigiriki, ili asitegemee tafsiri za watu. Na kwenye orodha alitia alama kwa kila kitabu ambacho Percy naye alikisoma. Alama hiyo ishikeni, nitairudia.

Msidhani alisoma kwa sababu alikuwa na nafasi na raha. Februari 1815 alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na baada ya siku chache tu mtoto akafa. Mary aliandika kwenye daftari ndoto iliyomjia: kwamba mtoto hakuwa amekufa, alikuwa amepoa tu, wakamsugua mbele ya moto akarudi kuwa hai. Akaamka, mtoto hayupo. Alikuwa na miaka 17. Vitabu viliendelea kuingia kwenye orodha ya mwaka ule.

Aprili 1815 mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa ambacho leo ni sehemu ya Indonesia, ulilipuka vibaya sana. Majivu na gesi vilipanda juu angani na kuzuia jua, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Mazao yaliharibika, mvua hazikukatika. Katika mvua hizo, mwaka 1816, Mary na Percy walikuwa kando ya Ziwa Geneva, jirani na mshairi Lord Byron na daktari wake kijana, John Polidori. Walifungiwa ndani na hali ya hewa, wakasoma kwa sauti hadithi za mizuka, kisha Byron akatoa chalenji: kila mmoja atunge yake. Kumbe hata wale waungwana walikuwa na chalenji zao.

Mary, aliyekuwa na miaka 18, ndiye alichelewa kupata wazo. Waliokuwapo walizungumza sana kuhusu majaribio ya wakati ule ya kupitisha umeme katika miili ya wanyama waliokufa, na misuli kushtuka kana kwamba uhai umerudi. Mama aliyeota mtoto wake akifufuka mbele ya moto hakuhitaji kusukumwa zaidi. Alianza kuandika, na miezi iliyofuata, huku akiendelea na riwaya, alisoma kitabu cha kemia cha mwanasayansi Humphry Davy. Hapo ndipo hadithi yake inapoachana na ngano za mizuka. Mfu wake haamshwi kwa uchawi wala dua, anaamshwa maabara. Mwandishi Mwingereza Brian Aldiss alitumia hoja hiyo mwaka 1973 kusema kwamba bunilizi ya kisayansi inaanzia kwa Mary.

Sasa, ambao hawajaisoma wanadhani Frankenstein ni jina la zimwi. Hapana. Victor Frankenstein ni mwanachuo kama wewe na mimi. Anasoma Chuo Kikuu cha Ingolstadt, Ujerumani. Anajifungia chumbani, haandiki barua nyumbani, halali, hali vizuri, mpaka anafanikiwa kuunda kiumbe hai. Kiumbe anafumbua macho, Victor anaona ni wa kutisha, anakimbia na kumwacha. Kosa kubwa la kitabu ni hapo, kwenye kukimbia.

Kiumbe anabaki peke yake msituni. Anajibanza kwenye kibanda kilichoungana na nyumba ya familia moja, na kupitia ufa wa ukuta anajifunza lugha kwa kuwasikiliza wakimfundisha mgeni wao. Kisha anaokota mkoba wenye vitabu vitatu: utenzi wa John Milton kuhusu kupotea kwa Peponi, maisha ya watu mashuhuri wa kale yaliyoandikwa na Plutarch, na riwaya ya Goethe kuhusu huzuni za kijana Werther. Hivi ni vitabu ambavyo Mary mwenyewe alikuwa akivisoma miaka hiyo. Alichukua orodha yake akampa kiumbe.

Lakini alimnyima kitu kimoja. Kiumbe alisoma vitabu vilevile bila mtu wa kumwambia naye amesoma. Hakuwa na ile alama. Alijifunza huruma, heshima na upendo ni nini, na kila alichojifunza kilimwonyesha tu kile asichokuwa nacho. Alipojitokeza hatimaye kwa familia ile, mzee kipofu alimsikiliza vizuri, ila vijana waliporudi wakamwona, walimpiga akakimbia. Ukatili wake wote unafuata baada ya hapo.

Kwa sisi tunaosomea ualimu, hili ni zito. Tunafundishwa kwamba mtoto akishajua kusoma, kazi kubwa imekwisha. Mary anaonyesha kwamba kumfundisha mtu kusoma halafu kumwacha peke yake na alichosoma ni nusu ya kazi, na nusu hiyo inaweza kumuumiza. Mwalimu anayewasha akili ya mtoto kisha akatokomea anamfuata Victor.

Riwaya ilitoka tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Wengi walidhani ni ya Percy. Hata Walter Scott, mwandishi mkubwa wa zama zile, aliihakiki akiamini hivyo. Jina la Mary lilichapishwa katika toleo la pili, mwaka 1823, baada ya hadithi yake kuwa tayari imepelekwa jukwaani London.

Kufikia wakati huo alikuwa amepoteza karibu kila mtu. Binti yake Clara alifariki Venice mwaka 1818, mwanawe William akafariki Roma mwaka 1819. Julai 1822 Percy, ambaye walikuwa wameoana mwishoni mwa 1816, alizama na mashua yake pwani ya Italia. Mary akawa mjane akiwa na miaka 24 na mtoto mmoja aliyebaki, Percy Florence. Baba mkwe alikubali kumpa posho ya mtoto kwa masharti, likiwamo la kutoandika maisha ya Percy. Basi akaishi kwa kalamu. Mwaka 1826 alitoa The Last Man, riwaya inayotupeleka karne hii yetu ya 21, ambamo tauni inamaliza wanadamu hadi anabaki mmoja. Aliandika pia wasifu wa waandishi wa Italia, Uhispania na Ufaransa kwa ajili ya ensaiklopidia. Na mwaka 1839 alihariri mashairi ya mumewe, akiyawekea maelezo yake, na kwa njia hiyo akasema mengi aliyokatazwa kuyasema. Alifariki London tarehe 1 Februari 1851, akiwa na miaka 53.

Narudi kwenye swali la vimbwetani. Hadithi hizi hazitakupandishia GPA, na sitawadanganya. Zitakufanyia alichofanyiwa Mary: zitakupa mahali pa kuliweka swali ambalo maisha yako hayajalipatia jibu. Yeye alikuwa na mtoto aliyekufa na sayansi mpya iliyodai kuchezea uhai. Vya kwetu tunavijua wenyewe.

Nasi hatuanzi na rafu tupu. Shaaban Robert alituwekea nchi inayoelea angani katika Kusadikika, mwaka 1951. Katama Mkangi wa Kenya alimrusha mhusika wake hadi sayari nyingine katika Walenisi, mwaka 1995. Ongeza na Frankenstein, tayari una miezi mitatu.

Ila namba 12 isitutie kiwewe. Anayemaliza vitabu vinne mwaka mzima na akapata mtu wa kubishana naye kwa kila kimoja, huyo kanipita mimi nitakayemaliza 12 kimya kimya kitandani hosteli. Kwa hiyo orodha yako iwe na safu mbili: jina la kitabu, na jina la mwenzako aliyekisoma. Safu ya pili ikibaki tupu mwezi wa kwanza, mwazime jirani kitabu chako kabla hujafungua cha mwezi wa pili.