Mpiga Picha na Mali Yake

Picha ni mali kama shamba lilivyo mali, na asiyeitunza huvunwa na wengine. Hayo twayaona katika maisha ya marehemu Mohamed Amin, mpiga picha mashuhuri wa Afrika Mashariki, ambaye wasomaji wetu wa Visiwani wana sababu yao ya kumkumbuka.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akakulia Dar es Salaam. Alianza kazi kwa kamera kuukuu angali mwanafunzi. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix mjini Dar es Salaam, na Januari 1964 akavuka bahari kwenda Unguja kupiga picha za Mapinduzi. Mwaka 1966 alikamatwa huko huko Unguja, akakaa gerezani karibu mwezi mmoja, kisha akafukuzwa nchini. Akahamia Nairobi, akaanza upya.

Oktoba 1984 filamu yake juu ya njaa ya Korem, Ethiopia, ilionyeshwa na BBC, na walimwengu wakainuka kutoa misaada. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akarejea kazini kwa mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija.

Ushujaa wake unajulikana. Sisi twapenda kuutaja uangalifu wake. Camerapix ilihifadhi picha zake na kuuza ruhusa ya kuzitumia. Hivyo picha moja iliweza kuuzwa leo kwa gazeti, kesho kwa mchapa vitabu, na mwenye picha akabaki mwenye picha.

Somo hilo latuhusu sisi wa Morogoro. Kijana apigaye picha katika milima ya Uluguru leo hana haja ya kujenga ghala, kwani zipo tovuti zinazomuuzia picha duniani kote na kumpa sehemu ya malipo. Lakini mnunuzi hutafuta kwa maneno. Picha iliyoandikwa “mlima, Afrika” hupotea kati ya mamilioni. Iliyotajwa kilele cha Bondwa, chanzo cha mto Ruvu, au ndege wa msituni asiyepatikana penginepo duniani ila Uluguru, humfikia anayeihitaji. Tena, picha ya mkulima wa Kiluguru haiwezi kuuzwa kwa matangazo bila idhini yake ya maandishi. Na ni haki, maana uso ni wake.

Sheria za hakimiliki tunazo: ya Bara ya mwaka 1999 na ya Zanzibar ya mwaka 2003. Lakini sheria isiyofahamika kwa mwenye haki humlinda kidogo sana. Twawaomba viongozi wahusika wawafuate vijana walipo, Mgeta na Matombo, Unguja na Pemba, wawafundishe kusoma mkataba kabla ya kuukubali. Na masharti ya vibali vya kupiga picha yaandikwe wazi, ili mwenye kamera ajue mapema lililo ruhusa na lililo marufuku.

Amin alilipia kazi yake kwa kifungo, kwa mkono na hatimaye kwa jasho la maisha yake yote, lakini picha zake hakuziacha ziwe mali ya kuokotwa. Vijana wetu nao wasiziache zao.