Okot p'Bitek

Okot p'Bitek (1931 – 1982) alikuwa mshairi, mhakiki wa sanaa na mwanaanthropolojia kutoka nchini Uganda. Anajulikana hasa kwa shairi lake refu Song of Lawino, lakini aliwahi pia kuongoza Jumba la Maigizo la Taifa mjini Kampala.

Maisha

Alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika familia ya Waacholi. Mama yake alisifika kwa kuimba, kucheza ngoma na kusimulia hadithi. Alisoma Gulu High School na King's College Budo. Mwaka 1953 alitoa riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya mpira wa miguu, akabaki huko kusoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth na anthropolojia Oxford, ambako alitafiti nyimbo na masimulizi ya Waacholi.

Mwaka 1966 alianza kuongoza jumba la maigizo, lililokuwa limezoea tamthilia za Kiingereza, akalifungulia ngoma na michezo ya wenyeji. Hakudumu: alikosana na serikali ya Milton Obote, akaondolewa kazini na kuhamia Kenya. Huko aliandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alirudi Uganda baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka, akafundisha Makerere hadi alipofariki mjini Kampala.

Uhakiki

Alikataa wazo kwamba fasihi ni maandishi tu. Kwake, wimbo unaoimbwa msibani na hadithi inayosimuliwa jioni ni fasihi kamili, na ngoma haimtengi mchezaji na mtazamaji kama jukwaa la Kizungu linavyofanya. Hoja hizo zimo katika Africa's Cultural Revolution (1973).

Athari

Song of Lawino, lililotolewa Nairobi mwaka 1966, ni malalamiko ya mke ambaye mumewe msomi anadharau mila zao. Paul Sozigwa alilitafsiri kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino (1975). Wahakiki wengine wamedai kwamba linausifu mno ujima wa kijijini, na kwamba sauti ya Lawino imetungwa na mwanamume. Hata hivyo limewapa washairi wengi wa Afrika Mashariki mfano wa kutunga kwa mtindo wa nyimbo za kwao.